Kilio cha Mtu wa Karatasi

Lubumbashi, 9 Februari 2025

Mwanangu Sephora,

Pokea salamu zangu kutoka Ruashi. Natumaini zitawakuta wazima, wewe na Paulin na watoto, na kwamba mvua bado inawaachia njia ya kwenda sokoni. Mimi nipo. Miguu inavimba jioni, na masikio yamefunga kabisa. Ukinipigia simu nasikia kama mtu anakaanga samaki. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Benita, jirani yangu anayekuja huko Sakania kuuza samaki na kuchukua sukari na mafuta, amekubali kutubebea barua. Anasema hataki shukrani, anataka tu nisimweke kwenye kitabu.

Kitabu chenyewe kimo katika mfuko huu. Ndiyo, kimetoka. Kinaitwa Sephora Amerudi. Watu walianza kunidai kitabu hiki wewe hujaota meno, kisha wakachoka kudai, kisha wengine wakafa. Nimekimaliza sasa, wakati hakuna aliyekuwa akikingoja tena.

Tulikizindua katika ukumbi wa parokia. Walikuja wazee wenzangu na nakala zao za kile cha kwanza, Sephora wa Kando ya Reli. Mmoja alikuwa amekitengenezea jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, akaandika jina juu yake kwa mkaa. Walipiga makofi, waliimba. Lakini hapo walikuwa bado hawajasoma. Sasa wamesoma, na salamu zao barabarani zimebadilika. Mwalimu Stéphane, aliyefundisha kile cha kwanza shuleni mpaka akastaafu, alinisimamisha jana. Alisema, "Floribert, nimekisoma." Kisha akaniuliza hali ya miguu yangu.

Kwa hiyo nataka hukumu yako. Wewe si msomaji kama wengine. Namwona bado marehemu baba yako, Sylvain, akisimama mlangoni kwangu, wewe ukiwa na siku chache tu duniani. "Floribert, mutoto nimemupa jina ya Sephora wako. Kila mutoto, majina yake, ule wa jina moja naye, analeta kitenge. Huyu majina yake ni muntu wa karatasi, atakileta na mikono gani? Ni wewe njo ulimuzaa. Lete!" Na mke wangu Martine akafungua sanduku akatoa kitenge kilichokuwa kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Baada yako walikuja Sephora wengi, wa hapa na wa kule, lakini wewe ni wa kwanza.

Soma, uniambie ukweli bila kunionea huruma. Na ukipata nafasi, uje uniambie mwenyewe. Najua una kazi. Sisemi uje, nasema ukipata nafasi.

Baba yako mdogo,
Floribert


Sakania, 16 Machi 2025

Baba mdogo mpendwa,

Jambo, Baba. Barua yako ilifika ikinuka samaki wa Benita, lakini ilifika. Sisi wazima. Gracia alikuwa na malaria, sasa anakula na kubishana, basi amepona. Paulin anakusalimu, bado yuko pale stesheni, anangoja treni kama sisi wote. Umeona daktari kwa ajili ya hiyo miguu? Na nani anakupikia? Usiniambie ni jirani yako Mama Constance. Chumvi ya Mama Constance naijua.

Kitabu kiko juu ya kabati, ndani ya mfuko wake. Sijakifungua. Usikasirike, acha nikueleze.

Baba yangu alikuwa akinisomea ukurasa wa mwisho wa kile cha kwanza kila Jumapili baada ya misa. Niliujua kwa moyo kabla sijajua kusoma. Sephora yuko dirishani, treni ya Sakania imeanza kutembea, mama yake anakimbia kando ya behewa na sahani ya bukari, ugali wetu, iliyofunikwa kwa kitambaa. Mkono wa Sephora unatoka nje. Basi. Haufiki, haukosi, kitabu kimekwisha. Na mimi kila Jumapili nauliza, "Halafu?" Na baba yangu anafunga kitabu, ananiangalia, anasema, "Halafu ni wewe."

Nimekua hivyo. Nilipoolewa na kuletwa huku, kuna wazee waliokuwa wamekisoma, wakacheka sana: "Kumbe alishuka hapa kwetu!" Wengine wananiita hivyo hadi leo, Mama Alishuka. Nimezoea, hata napenda. Sasa wewe unaniletea katika mfuko mtu mwingine ambaye ndiye halafu. Vraiment, kweli Baba, mimi nifanye nini naye? Nikimfungua, mimi ninakuwa nani?

Mwache kwanza juu ya kabati. Usiniambie kinavyokwisha. Juu ya kuja, sijui ni lini. Duka likifungwa siku moja, wateja wanahamia kwa jirani, na jirani anajua kucheka nao.

Binti yako,
Sephora


Lubumbashi, 27 Aprili 2025

Mwanangu Sephora,

Namshukuru Mungu Gracia anabishana. Huku mvua zinaondoka na vumbi la barabara ya mgodi limeanza tena kuingia chini ya mlango. Mapishi ni ya Constance kweli, na chumvi ni ileile. Daktari nimemwona. Anasema moyo wangu ni pampu iliyochoka. Alinipa vidonge, akaniambia nisipande ngazi. Nyumba yangu haina ngazi, kwa hiyo nimemtii.

Sikulaumu kwa kabati. Lakini nikueleze yanayotokea hapa, maana tangu Martine atuache nyumba hii haijaona watu kama majuma haya. Wanakuja kunigombeza! Wanaketi uani kwenye viti, na kwa kuwa sisikii wanapaaza sauti, mpaka mafundi wa baiskeli ng'ambo ya barabara wanajua sura ya tano inahusu nini.

Stéphane alirudi, safari hii bila kuuliza miguu. "Maisha yangu yote nimefundisha watoto kwamba ule mkono dirishani ni swali," alisema. "Nilisahihisha majibu yao usiku na mchana. Hakuna aliyekosea, maana hakukuwa na jibu. Sasa umekuja na jibu. Nikawaambie nini, wanirudishie mitihani?"

Constance yuko upande mwingine. Anampenda zaidi huyu wa sasa. "Ule wa kwanza alikuwa anajisikia sana," anasema. "Huyu anarudi na vumbi mu nywele, anaosha vyombo vya mama yake. Huyu iko muntu. Ule alikuwa picha." Na kijana mmoja wa chuo kikuu, Élie, ambaye hajasoma kile cha kwanza kabisa, alisimama akasema cha pili kimemtosha, cha kwanza kitakuwa utangulizi. Stéphane alitafuta fimbo yake. Nilicheka mpaka Constance akaniletea maji.

Kuna mama mmoja alirudisha nakala yake. Alinipa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. "Baba, chukua. Mimi nilikuwa na Sephora wangu. Alifika mbali, alikuwa na saluni, alikuwa amenenepa. Sitaki huyu." Niliipokea kwa mikono miwili. Sikuwa nimefikiri kwamba kila mmoja wao alikuwa ameandika kitabu chake cha pili muda wote huu, na kwamba changu kingefika cha mwisho.

Lakini sasa wanapungua. Mtu akishasema lile alilokuja kusema, anaenda zake. Viti vimebaki uani vimekaa duara. Sijaviondoa.

Soma, mwanangu. Hata sura ya kwanza tu.

Baba yako mdogo,
Floribert


Sakania, 15 Juni 2025

Baba mdogo,

Jambo. Natumaini baridi haijakuingia kifuani. Sisi wazima.

Jana nilikuwa dukani napima unga. Mama Kalaba wa duka la dawa aliingia, akavua viatu mlangoni, akanishika mikono yote miwili. "Pole, mama. Nimesikia majina yako amekufa."

Nikamuuliza, "Majina yangu gani?"

"Yule wa kitabu. Dada yangu amekisoma kule Lubumbashi. Anakufa mwishoni, na homa. Pole sana, mama."

Na watu waliokuwa kwenye mstari, watu ambao kwa kawaida wananifokea nikichelewa kidogo na mizani, wote waliweka mifuko yao chini. Mzee mmoja akavua kofia. Nililia, Baba, mbele ya gunia la unga. Sijui nililia nini.

Kwa hiyo ulimtoa kwenye treni, ukamrudisha nyumbani, ukamlaza, ukamwua. Halafu ukamtia katika mfuko, ukanitumia na salamu. Wewe unayejua kwamba kwetu majina si mchezo. Majina yangu angekuwa mama mzima wa nyama na damu, mngenitumia habari siku ileile. Ningepanda gari lolote, hata juu ya mizigo. Ningekaa mbele ya kilio kwenye mkeka, na wakubwa wangenieleza alivyokwenda, maneno yake ya mwisho, nani alikuwa amemshika. Mimi nimeelezwa na muuza dawa.

Sephora wa Katuba amenipigia simu. Wanajipanga. Sephora wote watakuja kwako kukaa kilio cha majina yao. Wanacheka, lakini hawachezi. Wanataka nije nikae mbele kwa sababu ni mimi wa kwanza. Nimekataa. Siwezi kumlilia mtu ambaye kwangu mimi bado yuko dirishani.

Usiningoje.

Sephora


Lubumbashi, 20 Julai 2025

Mwanangu Sephora,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumba yako. Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Una haki. Sitajitetea leo. Nataka tu ujue jinsi kilio kilivyokuwa, kwa kuwa mambo hayo mtu wa kwanza lazima aelezwe.

Walifika Jumamosi na vitenge vimefungwa kiunoni. Wa Katuba, wa Kampemba, wawili wa hapahapa Ruashi ambao walikuwa hawajuani, na wa Kilwa, aliyesafiri juu ya lori la samaki na mtoto mgongoni katika barabara ile. Walitoa meza na makochi yangu nje bila kuniomba, wakatandika mikeka sebuleni, wakawasha moto wa magogo uani. Kitabu walikilaza juu ya kigoda, wakakifunika mpaka nusu. Constance alipika bukari na sombe ya majani ya muhogo kwa masufuria makubwa ya parokia. Stéphane alipewa nafasi ya kusema juu ya marehemu. Alianza kwa mzaha, kisha alifika pale kwenye mkono na dirisha, na hakuweza kuendelea. Alikaa chini. Wakamwimbia.

Na mimi nilihojiwa! Unajua wajukuu kwenye kilio wana ruhusa ya kusema chochote, na hawa siku hiyo walijiita wajukuu zangu. Sephora wa Katuba alinikalisha kwenye kiti cha chini, akainama sikioni kwangu, akapiga kelele.

"Aliugua siku ngapi?"

"Mbili."

"Na nini?"

"Malaria."

"Bantu bote wa Katanga banaugua malaria banapona! Sephora wako peke yake alikosa kidonge?"

"Hospitali ilikuwa mbali," nikasema.

"Baba, usituongopee! Hospitali ulijenga mwenyewe mu sura ya tisa, kando ya nyumba yake!"

Walianguka mikekani kwa kicheko. Yule wa Kilwa akasema hata ajali ya treni ingekuwa heshima zaidi. Wakanitoza faini ya chupa za soda, Constance akaenda kuzileta. Mtoto alilala mapajani pangu. Niliwaangalia wote wale, wenye jina moja, na nilikuwa na furaha ambayo sikustahili.

Mkeka wa mbele, karibu na kigoda, waliuacha wazi. Hakuna aliyeukalia. Kila mbwa alipobweka, nilijua kwa jinsi vichwa vyao vilivyogeuka, nami nikageuza changu kwenye lango.

Jumapili walifagia majivu, wakarudisha meza, wakaenda. Jumatatu nilianguka karibu na kitanda. Nililazwa hospitalini, sasa nimerudi. Constance amehamishia kitanda changu sebuleni ili anione akipita barabarani.

Baba yako mdogo,
Floribert


Sakania, 21 Septemba 2025

Baba mdogo,

Jambo, Baba. Benita ameniambia kuhusu hospitali zaidi ya ulivyoniambia wewe. Anasema umekonda. Je, unakula? Unalala? Vidonge unavimeza au unavificha? Sisi wazima. Joto limeanza huku, unga unaota wadudu.

Nimekisoma.

Gracia ndiye aliyekiteremsha. Nilimkuta nyuma ya duka, amejikunja juu ya katoni, haniangalii, hasikii nikimwita. Niliona wivu, Baba. Nilimnyang'anya kama mama mbaya, nikasoma mpaka mwisho, kisha nikarudi mwanzo.

Hukumu yangu ni hii, bila huruma kama ulivyotaka. Mwanzo haukunipendeza. Unaeleza mno, kama mtu anayeogopa hatutamwelewa. Zamani hukutuogopa. Mwanaume uliyempa kule Ndola hana uso. Nimesoma sura mbili zake na sijui hata kama ni mrefu. Lakini sura ya sita, ile anaposhuka kwenye treni, na mama yake hamtambui, anamwita "mama mgeni" na kumwuliza anatafuta nyumba ya nani, na Sephora anataja nyumba ya jirani kwa aibu... Nilikuwa nampimia mtu sukari. Nilisimama na kijiko hewani mpaka akaniuliza kama naumwa. Ile sura ni bora kuliko kitu chochote katika kile cha kwanza. Nasema hivyo na hasira yangu ikiwa palepale.

Na kitu kimoja sikukitegemea. Nilidhani nikimjua nitapotea. Sikupotea. Yeye ni yeye, mimi ni mimi. Baba yangu alinipa jina tu, kumbe mzigo nilijitwika mwenyewe.

Lakini kifo, Baba. Mwezi ule wa mwisho anagombana na mama yake juu ya kuku. Anaagiza mabati kwa ajili ya paa, anapima kuta kwa kamba, anamtukana fundi. Ninageuza karatasi: homa. Karatasi nyingine: amezikwa. Mabati hakuna aliyeyapokea! Uliandika kama mtu anayefunga duka mvua ikija. Wewe huandiki hivyo. Mtu aliyeandika habari ya mabati hakujua kwamba huyu mama atakufa.

Kwa hiyo nakuuliza. Kwa nini ulimwua? Usinijibu kama mwandishi. Nijibu kama baba yangu mdogo.

Binti yako,
Sephora


Lubumbashi, 19 Oktoba 2025

Mwanangu Sephora,

Salamu kwako, kwa Paulin, kwa Gracia na wadogo zake. Hali yangu nitakueleza hapohapo mwanzoni ili tumalizane nayo: daktari haongei tena juu ya mwaka ujao. Barua hii naiandika mistari michache kila asubuhi, mkono unapokubali, kwa hiyo usishangae mwandiko ukipanda na kushuka.

Umeona sawasawa. Sephora hakufa. Katika kitabu nilichomaliza mwaka juzi, mabati yalifika. Kwenye ukurasa wa mwisho yuko juu ya paa, anampokeza fundi misumari, na mama yake yuko chini anapiga kelele kwamba ataanguka. Niliandika "mwisho", nikaweka kalamu, nikatafuta mtu wa kumwambia. Ilikuwa saa za asubuhi. Hakukuwa na mtu. Nilikaa.

Kiangazi kilekile alikufa bibi mmoja wa nyumba ya tatu kutoka hapa. Akiwa mzima nilikuwa namwona ameketi mlangoni kwake kama mimi, tunainuliana mikono. Hakuna aliyekuwa anamtembelea. Alipokufa, barabara ilijaa. Majina yake wote waliletwa, mpaka mama mmoja mzima kutoka Likasi na watoto wake, aliyekuwa hajaonekana miaka na miaka. Walimpeleka moja kwa moja mbele, wakampa mkeka, akaambiwa habari zote za majina yake, akalia kwa sauti iliyonifikia hata mimi. Constance aliniinamia akasema, "Noeli hakukuya hata mumoja. Angalia sasa." Nilikuwa kwenye kiti walichoniazima. Nikafikiri: kwa majina aliyekufa, watu wanakuja. Na mimi nina binti wa karatasi, na jina lake limetawanyika nchi nzima.

Nilirudi nyumbani. Nikamshusha Sephora kwenye paa, nikamwua kwa asubuhi moja. Nilimpa malaria kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Hayo ndiyo niliyoyafanya, mimi niliyekuwa nikiwaambia vijana wanaoniletea hadithi zao kwamba kifo hakiwekwi kwenye kitabu kwa faida ya mwandishi. Wasomaji wamelaumu treni, wamelaumu jibu, wamelaumu uzee wangu. Hakuna aliyejua alichopaswa kukilaumu, isipokuwa wewe. Nimewauzia kifo cha uongo, na walikuja kukilia kwa kweli, na mimi nikala bukari yao.

Sasa sehemu iliyo ngumu zaidi. Sikuwa nawaita wote. Waliokuja niliwapenda, yule mtoto wa Kilwa nilimpenda, lakini nilikuwa nakuita wewe. Nilijiambia: atakuja, yeye ni wa kwanza, mkeka wa mbele ni wake. Sikufikiri kwamba ungempenda kuliko nilivyompenda mimi, mpaka ukatae kumzika.

Ulipokuja kwa kilio cha Martine ulibaki mpaka vyombo vyote vikaoshwa. Ulipanga hata vijiko vyake. Asubuhi ya kuondoka ulisema, "Tutaonana, Baba," na ulimaanisha. Sikulaumu. Una watoto, una duka, una barabara ile. Lakini tangu siku hiyo kila nilipoanza barua kwako niliandika juu ya mvua na miguu na sukari. Watu wangu katika vitabu wanaambiana kila kitu. Mimi nilimaliza kitabu kizima nisiweze kukuandikia sentensi moja ya kukuomba. Niliogopa utajibu kwamba huna nafasi, na lingekuwa jibu la haki. Aliyekufa ndiye peke yake hajibiwi hivyo.

Padre alikuja juzi kunipaka mafuta. Nilimwungamia mengine, kisha na hili. Aliniambia kumwua mtu wa karatasi si dhambi. Ni kijana mwema, lakini si mtu wa huku.

Stéphane anataka tuchape upya na paa lake. Nimekataa. Waliomlilia wamemlilia, siwezi kuwaambia warudishe machozi. Abaki alipo. Wewe tu ujue kwamba alikuwa juu, kwenye jua, na kinywa kimejaa misumari.

Usije kukaa kilio, Sephora. Njoo nikiwa hai. Njoo. Nakuomba. Na kuhusu sura ya sita sikubaliani nawe, si bora kuliko kile cha kwanza, na nina sababu ambazo mkono huu hauwezi tena kuziandika.

Baba yako mdogo,
Floribert


Njiani, karibu na Kasumbalesa, 6 Novemba 2025

Baba mdogo,

Jambo, Baba. Leo sikuulizi hali yako, nakuja kuiona.

Benita alinipa barua juzi. Alisema sasa wanakuwekea mito pande zote mbili ili ukae. Nilifunga duka palepale, wateja wakiwa ndani. Jirani acheke nao. Gracia alitaka tuje wote lakini ana mtihani; amenituma nikuambie kwamba yeye yuko upande wa Mama Constance.

Gari letu limesimama tangu alfajiri. Malori ya shaba yamefunga njia kwenda na kurudi, madereva wameweka mbabula za mkaa katikati ya barabara wanapika. Wetu anasema, "Tutafika tu, mama," hasemi lini. Kwa hiyo naandika juu ya goti. Barua hii haina mtu wa kuibeba isipokuwa mimi, itafika nikifika. Lakini ugomvi nataka uanze sasa.

La kwanza, misumari. Mtu akiwa na misumari kinywani hawezi kumjibu mama yake aliye chini. Ulifikiria hilo? Kama hukulifikiria, basi ule mwisho wako nao haukuwa mzuri sana. Kama ulilifikiria, basi ni mzuri kuliko sura ya sita, na mimi nitakubali, lakini lazima uniambie kwa mdomo wako.

La pili. Uliniita kwa kumwua mtu. Hilo sijakusamehe. Nitakusamehe nikiwa nimekaa mbele yako, na sitafanya haraka, kwa hiyo jipange kuwa na muda.

La tatu ni langu. Umeandika kwamba nisingekuwa na nafasi. Nafasi nilikuwa nayo, Baba. Si kila siku, lakini kuna siku nilikuwa nayo, na Paulin aliniambia, "Nenda basi." Niliogopa nitaingia mule ndani na kukuta vile vijiko viko nilivyovipanga, hakuna aliyevigusa. Nikasema duka. Sote wawili tuliogopa, na tukaandikiana juu ya sukari.

Mwanamke wa kiti cha mbele ananiuliza naandika nini kirefu hivi. Nimemwambia nagombana na baba yangu mdogo. Amesema, "Mupigie simu." Nimemwambia hasikii. Amesema, "Sasa utagombana naye namna gani?" Nimemwambia, karibu. Nitagombana naye nikiwa karibu.

Lori lililo mbele yetu limewasha injini. Bado halijasogea. Nikikukuta umelala nitakuamsha, hata wakinikataza.

Binti yako,
Sephora